Hawala ya Majani na Vipepeo

Mwaka 1702, muda mfupi kabla ya kufariki, Mwingereza mmoja aliyeitwa William Charlton alimpelekea rafiki yake James Petiver kipepeo mkavu. Alikuwa wa jamii iliyojulikana na kila mtoto wa mashambani kule: mabawa ya njano ya ndimu iliyoiva, basi. Ila huyu alikuwa na mabaka meusi, na kwenye mabawa ya nyuma vijimwezi vya buluu. Petiver akastaajabu, akamchapisha, akaeleza kuwa lau si mabaka yale na miezi ile angekuwa yule yule wa siku zote. Miaka 65 baadaye Carl Linnaeus, Msweden aliyejitwika kazi ya kukipa kila kiumbe jina, akamwingiza katika toleo la 12 la kitabu chake Systema Naturae kwa jina la Papilio ecclipsis, jina linalokumbusha kupatwa kwa mwezi. Ikabidi ufike mwaka 1793 ndipo Johan Christian Fabricius, mwanafunzi wa Linnaeus mwenyewe, alipomkazia macho na kuona kilichowaponyoka wote. Yale mabaka yalikuwa rangi. Kuna mtu alishika brashi akampamba kipepeo wa kawaida.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wasomi waliopigwa changa la macho. Mimi sicheki sana, kwa sababu Linnaeus hakuwa mjinga na Petiver alikuwa ameshika maelfu ya wadudu mikononi. Kilichowaponza ni mtindo wenyewe wa kazi yao, ambao sisi watu wa pwani tunaujua vizuri kwa jina la hawala. Mtu anatoa fedha Dubai, mwenzake anapokea Mombasa, na katikati hakuna noti iliyovuka bahari. Kilichovuka ni neno la mtu anayeaminiwa. Vipepeo na majani walivuka kweli, lakini thamani yao ilikaa kwenye neno lililoandamana nao: nani kakamata, wapi, lini. Ukiliamini neno, unamwamini na mdudu. Petiver alimwamini Charlton, waliofuata wakamwamini Petiver, na hawala ile ikazunguka miaka 91 bila mtu kuifikisha dirishani.

Kinachotaka kufafanuliwa, basi, si kwa nini walidanganyika mara moja. Ni kwa nini walipeana hata kidogo. Mtu ametoka jasho, ameumwa na mbu, amekausha jani lake kwa siku kumi mpaka limekubali. Halafu analifunga kwenye bahasha na kumpelekea mgeni asiyewahi kuonana naye. Kwa nini?

Petiver anajibu vizuri kuliko wengi. Alikuwa muuza dawa mwenye duka mtaa wa Aldersgate, London, na hakuwa msafiri. Safari yake ya maana ilikuwa kwenda Leiden, Uholanzi, mwaka 1711, tena kumnunulia tajiri Hans Sloane vitu kwenye mnada. Hata hivyo nyumbani kwake palikuwa na mimea na wadudu wa Uchina, Uhindi, Afrika na visiwa vya Karibi. Siri yake ilikuwa matabibu wa meli. Tabibu wa meli amesoma kiasi, mimea ya dawa ni kazi yake, ana sanduku lenye chupa na pombe kali, na chombo kikitia nanga kwa wiki kadhaa huwa hana shughuli nyingi. Petiver aliwapa karatasi za kukaushia, chupa, na maelekezo yaliyochapishwa. Panzi, nyuki, buibui na wadudu wengine wadogo wazamishwe papo hapo kwenye kichupa cha mdomo mpana kilichojaa pombe kali nusu, kichupa ambacho mtu anaweza kutembea nacho mfukoni. Vipepeo na nondo, hapana. Hao wabanwe mara tu wanapokamatwa ndani ya kitabu kidogo, kama mtu anavyobana jani. Sababu anaijua kila aliyewahi kumshika kipepeo: rangi yake ni vumbi, na vumbi hilo hubaki vidoleni.

Malipo yalikuwa dawa, vitabu, na kitu kingine ambacho hakikumgharimu Petiver sana. Katika vijitabu vyake alichapisha orodha za alivyopokea, na pamoja navyo majina ya waliomletea na shukrani zake. Fikiria tabibu wa miaka 25 anayerudi kutoka baharini, hana jina wala jamaa mkubwa, anafungua kijitabu kinachosomwa na wakubwa wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, na kujikuta humo. Safari ijayo ataleta zaidi. Na asiyeleta alipata barua za kumkumbusha, maana Petiver alikuwa mdai asiyechoka. Kupeana kwao hakukuwa ukarimu mtupu. Kulikuwa kutengeneza deni, na deni ndilo lililowafunga watu waliotengwa na bahari.

Si chache kati ya meli hizo zilikuwa za biashara ya watumwa. Hili halifai kusemwa kwa mkato kana kwamba ni doa la pembeni, kwa sababu lilikuwa ndiyo njia yenyewe. Meli ya watumwa ilikaa pwani ya Guinea wiki au miezi ikisubiri kujaza watu, na muda huo tabibu alishuka kuokota. Kisha ikavuka kwenda Karibi, ambako aliokota tena. Kisha ikarudi London na mzigo wa sukari, pamoja na mafurushi ya Petiver ambayo hayakutozwa nauli. Chini ya sitaha watu wamefungwa minyororo. Juu, chumbani kwa tabibu, kitabu kimebana vipepeo. Chombo ni kimoja na tabibu ni mmoja.

Mwaka 1697 jarida la Royal Society lilichapisha orodha ya mimea ya Guinea iliyopelekwa kwa Petiver na kasisi John Smyth, aliyetumikia kampuni ya Royal African Company. Jambo la kuvutia ni kwamba orodha ile ilikuwa na majina ya wenyeji na matumizi ya kila mmea. Maana yake kuna watu wa pwani ile waliokaa na kasisi, wakashika tawi baada ya tawi, wakasema hili linaitwa hivi, linatibu hiki. Ilikuwa kazi ya maarifa, tena ndefu. Kwenye kichwa cha makala majina yao hayamo.

Nitalirudia hilo baadaye. Kwanza tuutazame mtambo, na mtambo wenyewe ni karatasi.

Kukausha mmea hakuhitaji elimu kubwa, kunahitaji subira. Unachukua tawi lenye majani, maua na, ukibahatika, tunda. Unalilaza kwenye karatasi inayofyonza maji, jani moja unaligeuza ili upande wa chini nao uonekane, unaongeza karatasi juu, kisha mbao, kisha uzito. Kesho yake unatoa karatasi zilizolowa na kuweka kavu. Keshokutwa tena. Ukikosa siku mbili, hasa kwenye unyevu wa pwani, jani linageuka jeusi na kuota ukungu. Likishakauka unalibandika au kulishona kwenye karatasi nene. Buluu ya ua hupauka, njano huvumilia zaidi. Lakini mishipa ya jani, vinyweleo vya shina, hesabu ya stameni, vyote hubaki. Mmea uliokaushwa mwaka 1700 unaweza kulowekwa ua lake kwenye maji ya moto leo na kufunguliwa chini ya lenzi. Maadui zake ni unyevu, moto na vijidudu vinavyotafuna vikavu, ndiyo maana masanduku ya wakusanyaji yalinuka kafuri, ile ile tunayowawekea maiti.

Anayetajwa mara nyingi kama mwanzilishi ni Luca Ghini, mwalimu wa mimea huko Bologna na Pisa miaka ya 1540. Kabla yake msomi aliyetaka kumwonyesha mwenzake mmea alikuwa na njia mbili: amchoree, au amsubiri bustanini majira ya maua. Ghini alianza kutia mimea mikavu ndani ya barua. Jani likawa hoja inayosafiri. Ukibisha, unabisha na kitu kilicho mezani pako, si na maelezo ya mtu.

Wakusanyaji wengi wa mwanzo walijalidi karatasi zao kama vitabu. Mkusanyo wa Sloane, ambao ulimeza na ule wa Petiver baada ya kifo chake mwaka 1718, uko London hadi leo katika majalada 265. (Sloane alilalamika kuwa marehemu aliviacha vitu vyake marundo marundo, na vijilebo vidogo, vikaliwa na vumbi na wadudu. Mdai mzuri si lazima awe mtunzaji mzuri.) Kitabu kilichojalidiwa kina heshima, lakini hakigawiki. Linnaeus aliacha karatasi zake huru, moja kwa mmea mmoja, ndani ya kabati. Akibadili mawazo kuhusu undugu wa mimea miwili, anahamisha karatasi kutoka rafu hii kwenda ile. Akitaka kumpa mtu, anachomoa. Ni jambo dogo la kabati, na naliona kubwa kama mfumo wake wa majina mawili, ule aliouimarisha kwenye kitabu cha mimea cha mwaka 1753.

Karatasi iliwakaa akilini kiasi kwamba mwanafunzi wake Peter Forsskål aliitumia hata kwa samaki. Forsskål alikwenda Misri, Bahari ya Shamu na Yemen na msafara wa Denmark ulioondoka mwaka 1761. Samaki aliwachuna ngozi ya ubavu mmoja, akaikausha na kuibandika kwenye karatasi kama mtu anayekausha mchicha. Yeye alifariki kwa homa mjini Yarim, Yemen, Julai 1763. Samaki wake wapo Copenhagen.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo, ambao ni nakala. Kuanzia miaka ya 1730 muuza vitambaa wa London, Peter Collinson, aliandikiana na mkulima wa karibu na Philadelphia, John Bartram. Bartram alikuwa na misitu nyuma ya nyumba lakini vitabu vichache. Collinson alikuwa na marafiki wenye vitabu lakini misitu ya Marekani hakuiona. Wakakubaliana hivi: Bartram achume vipande viwili vya mmea mmoja, avipe namba moja, kimoja abaki nacho, kingine avushe bahari. Collinson atampelekea mtaalamu, kisha atarudisha orodha: namba 1 ni fulani, namba 2 ni fulani. Bartram anafungua karatasi zake na kuandika. Mkulima akajifunza botania kwa posta.

Ona hesabu ilivyo. Ukishaufikia mti, kuchuma matawi matano ni jasho lile lile la kuchuma moja. Nakala kwa mkusanyaji karibu ni bure. Lakini jina sahihi halichumwi mtini. Liko kichwani mwa mtu wa mbali. Basi unalipa kilicho rahisi kwako kwa kilicho adimu kwako, na mwenzako anafanya vivyo hivyo kwa upande wake. Hakuna aliyepunjwa. Mwenye nakala kumi ana marafiki kumi, na mtaalamu mmoja akigundua kosa kwenye namba 47, wote wenye namba 47 wanasahihisha.

Wadudu hawako hivyo, na hapa ndipo kipepeo wa Charlton anapoeleweka. Mti una matawi mengi, ilhali mbawakawa ni mmoja, humkati vipande ukagawa. Kila mdudu anayetolewa anamtoka mwenyewe kabisa. Ndiyo sababu biashara ya wadudu ilikuwa na bei zaidi, ubahili zaidi, na hila zaidi. Mfua fedha wa London, Dru Drury, alinunua wadudu kwa pesa taslimu kutoka kwa mabaharia. Mwaka 1771 yeye na matajiri wenzake walichangishana kama wanahisa kumpeleka Henry Smeathman Sierra Leone awakusanyie. (Smeathman tunamkumbuka kwa jambo jingine, maelezo yake ya mwaka 1781 kuhusu mchwa na vichuguu vyao, ambayo mtu aliyekulia karibu na kichuguu huyasoma akitabasamu.) Kipepeo aliyepakwa rangi alikuwa mmoja tu duniani. Hakukuwa na wa pili kwenye kabati la Paris au Uppsala wa kumlinganisha naye. Pasipo na nakala, neno la mtu husimama peke yake.

Nilipokuwa sekondari tuliambiwa tulete wadudu ishirini kwa ajili ya somo la biolojia. Nilikimbizana na vipepeo na kerengende wiki nzima, nikawapanga kwenye kasha la viatu, kila mmoja na pini yake. Sikuandika popote nilikomtoa nani. Mwalimu alihesabu mpaka ishirini, akaweka vema, na kasha likaishia uvunguni kwa siafu. Alama zangu zilikuwa halali, lakini kwa kipimo cha Collinson nilikuwa nimepeleka takataka nzuri. Mdudu asiye na lebo ni pambo. Hata awe wa spishi ambayo haijapata kuonekana, hatuambii anaishi wapi, wala hatuwezi kurudi kumtafuta.

Hatari ya kukaa na mzigo wote pamoja ilimpata Alfred Russel Wallace. Alikusanya Amazon miaka minne, na sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka ya mwisho ilikuwa imezuiwa na forodha ya mtoni, ikabidi aichukue mwenyewe. Tarehe 6 Agosti 1852 meli yake, Helen, ikashika moto katikati ya Atlantiki. Alikaa siku kumi kwenye mashua. Vilivyookoka ni vile alivyokuwa ametuma mapema kwa wakala wake London. Alipokwenda visiwa vya Malay mwaka 1854 alituma kidogo kidogo, na aliporudi mwaka 1862 hesabu ilikuwa vielelezo 125,660.

Moto ule ulikuwa mdogo. Mkubwa unatuhusu zaidi, na ili kuufikia lazima tupitie Usambara.

Kwenye misitu ya Usambara na miamba ya chokaa ya upande wa Tanga huota mmea mfupi wenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, yule ambaye kima punju wa Jozani anabeba jina lake katika sayansi, aliutuma kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1884. Mwaka 1887 akautuma tena mtu ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa mengine: mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa, mkusanyaji wa methali zetu na wa mashairi ya Muyaka. Mara zote mbili wataalamu wa Kew waliona kilichowafikia hakitoshi kuupa mmea jina. Mmea wenye majani ya maji maji haukauki kirahisi, na ua lake likishaharibika hubaki doa.

Kisha mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, akafanya jambo la kifamilia. Alimtumia baba yake kule Silesia, mzee mpenda bustani. Baba akampa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, na mmea ukachanua hapo, hai, mbele ya mtu anayejua kuutazama. Mwaka 1893 Wendland akauita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Leo uko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani kwa wingi usiohesabika, wakati ndugu zake wa porini wanasongwa na mashamba.

Ua hilo lilipita njia ya familia. Mimea mingine ya upande huo ilipita njia ya serikali. Kuanzia mwaka 1889 Ujerumani iliagiza kuwa viumbe na vitu vilivyokusanywa kwa fedha za serikali katika makoloni vifike kwanza Berlin, na mwaka 1891 bustani ya mimea ya Berlin ikapata ofisi maalumu ya makoloni. Wakusanyaji kama Carl Holst, aliyefanya kazi Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, walituma shehena baada ya shehena. Adolf Engler wa Berlin na wenzake wakazipa jina moja moja. Berlin ilibaki na karatasi bora, kisha nakala zikagawiwa au kubadilishanwa na za Kew na kwingineko, kwa desturi ile ile ya Bartram na Collinson, safari hii kwa mihuri.

Karatasi bora hiyo ina kazi yake. Jina la kisayansi hufungwa kwenye kielelezo kimoja maalumu, kama pishi ya kupimia inayowekwa kwa kadhi. Wauza nafaka wakigombana, pishi zao zinapelekwa kwenye ile moja. Mtaalamu akitilia shaka kama mti wa Lushoto na wa Uluguru ni mmoja, anakwenda kuitazama pishi. Na pishi za mimea mingi ya Afrika Mashariki zilikuwa Berlin.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia jengo la hebaria, yaani ghala la mimea mikavu, huko Dahlem, Berlin. Lilikuwa na vielelezo takriban milioni 4, na sehemu kubwa iliteketea pamoja na maktaba. Zilizopona ni karatasi zilizokuwa zimehamishwa mapema, na nyingine ambazo taasisi za nje zilikuwa zimeziazima na hazijazirudisha. Mtu akikuuliza lini kuchelewesha kitu cha watu ni fadhila, una mfano. Mimea ya Amerika ilikuwa na kinga nyingine, kwani kuanzia mwaka 1929 J. Francis Macbride wa Chicago alipiga picha maelfu ya vielelezo vyake Ulaya, Berlin ikiwa ya kwanza. Ya kwetu haikupata mpiga picha.

Iliyoiokoa ni ile tabia ya zamani ya kugawa. Kwa kuwa tawi lenye namba ya Holst lilikuwa limechumwa matatu au manne, la Berlin likiungua, la Kew lilikuwepo. Tangu hapo kazi ya wataalamu wa mimea ya Afrika Mashariki imekuwa pia kuwinda nakala: kufungua kabati, kusoma lebo, kulinganisha namba na maandishi ya zamani, kisha kutangaza kuwa karatasi hii ya pili sasa ndiyo pishi. Karatasi iliyotolewa miaka ya 1890 kama ziada imepandishwa cheo. Zisizo na nakala popote zimebaki majina matupu, na mtu hulazimika kurudi msituni, kama msitu bado upo.

Mkusanyo mwingine ulikuwa Amani, juu Usambara, ambako Wajerumani walijenga taasisi mwaka 1902. Waingereza waliirithi, na mwaka 1950 karatasi zake zikahamishiwa Nairobi, zikawa msingi wa hebaria ya Afrika Mashariki. Pale Amani alifanya kazi P. J. Greenway, aliyechapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Ukiifungua unaona kile kile cha kasisi Smyth: mtu aliuliza, mtu akajibu. Majibu ni maelfu.

Nilisema nitalirudia suala la majina. Hawala ile ilikuwa makini kupita kiasi katika kuandika nani anamdai nani, lakini iliandika kwa upande mmoja. Tabibu alishukuriwa, baba wa ofisa alipewa jenasi nzima. Anayeujua msitu, aliyesema jina, aliyepanda mti na kushusha tawi, hakuingia daftarini. Si kwamba haikuwezekana. Wallace alimtaja kijana wake Ali wa Sarawak na kumsifu katika kitabu chake, ingawa kwa jina moja tu. Forsskål aliyachukua maneno ya wavuvi wa Bahari ya Shamu akayafanya majina ya sayansi, na mpaka leo changu mwenye doa jeusi ubavuni, anayeuzwa Feri na Kilindini, anaitwa harak katika vitabu vya dunia nzima; neno limeokoka, aliyelitamka hayumo. Mfano unaoniuma ni wa Taylor. Kwenye mashairi ya Muyaka tunajua bila shaka kwamba aliyemsaidia kuyakusanya ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa, msomi mwenye jina na heshima yake. Mtu huyo huyo, Taylor, mji huo huo, miaka hiyo hiyo. Kwenye ua lililokwenda Kew hadithi inamtaja Taylor peke yake. Shairi lilihesabiwa kuwa na mwenyewe, ua likahesabiwa kuwa limeokotwa.

Na daftari haliwatunzi hata wakubwa. Mwaka 2015 wataalamu, wakitumia ulinganishaji wa jeni, waliiondoa jenasi Saintpaulia na kuitia ndani ya ndugu zake, Streptocarpus. Katika sayansi ua la Usambara sasa ni Streptocarpus ionanthus, na ofisa wa Tanga pamoja na baba yake wamebaki kwenye vibandiko vya wauza maua. Wenye kulifuga hawajali. Ukilipenda kwa jirani humwombi mbegu. Anakukatia jani moja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye kopo la udongo unyevu, unalikinga na jua kali, na baada ya wiki kadhaa vijani vidogo vinachomoza chini yake. Ukifika mwezi wa sita unalo la kumkatia mwingine.